Sadaka na Sahani

Siku hizi desturi mpya imeingia katika parokia nyingi, za mijini hasa, nasi twaona haifai kuipita kimya. Zamani, ilipotokea haja ya fedha kwa ajili ya zahanati au karo za watoto wasio na wazazi, mchango ulitangazwa na kila mtu akatoa alichojaliwa. Sasa watu hualikwa kutazama mapishi. Ukumbi hupambwa, jiko la gesi huwekwa jukwaani, mpishi hodari husimama mbele ya watu 200 au 300 na kuwaonyesha namna ya kupika pilau au samaki wa kupaka; kisha wote hula, na kile kinachosalia katika bei ya tiketi ndicho kiendacho kwa wahitaji.

Wako waulizao kama jambo hili lafaa. Wengine huuliza kwa sauti ya chini zaidi: je, mtu aliyetoa shilingi zake akapewa sahani ya pilau na soda baridi, ametoa sadaka, au amekula chakula cha mchana?

Twaanza na swali hili la pili, maana ndilo lililo gumu. Kwa maoni yetu, anunuaye chakula kwa bei yake halali hakutoa sadaka, amenunua chakula. Hakuna dhambi katika kununua, wala hakuna aibu katika kuuza. Ila yafaa kila jambo liitwe kwa jina lake. Ikiwa tiketi ni shilingi 5,000, na chakula pamoja na mafunzo vina thamani ya shilingi 4,000, basi shilingi 4,000 ni biashara ya haki, na shilingi 1,000 iliyozidi ndiyo sadaka. Hata serikali za dunia, ambazo kwa kawaida hazijishughulishi na hali ya mioyo, zimeiona tofauti hii. Nchini Marekani kuna sheria, iliyoanza kutumika mwaka 1994, ya kwamba chama cha hisani kikipokea malipo yazidiyo dola 75 ambayo sehemu yake ni mchango na sehemu ni bei ya kitu, sharti kimwandikie mtoaji thamani ya kile alichopewa, ili asije akaomba nafuu ya kodi kwa chakula alichokula mwenyewe. Sheria ile yahusu kodi tu. Lakini mtu aweza kujiuliza kama daftari la mbinguni huandikwa kwa uangalifu mdogo kuliko lile la mtoza kodi.

Je, hiyo shilingi 1,000 huwafikia kweli wahitaji? Hapo ndipo kamati nyingi hujidanganya. Tuchukue mfano. Tuseme tiketi 300 zimeuzwa, kila moja kwa shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 1,500,000, na mhazini ameanza kutabasamu. Sasa tutoe. Mchele, nyama, mafuta, viungo, vitunguu na vinywaji, shilingi 750,000. Turubai, viti na vipaza sauti, shilingi 200,000. Sufuria za kukodi na gesi, shilingi 90,000. Posho na nauli ya mpishi, shilingi 100,000. Fulana za kamati zenye maandishi kifuani, jambo ambalo kwa sababu tusizozielewa halikosekani kamwe, shilingi 60,000. Zimesalia shilingi 300,000. Watu 300 wamepanda daladala, wamekaa saa tano, wamekula na kupigiwa muziki, na kila mmoja amemfikishia mwenye shida shilingi 1,000. Wangalibaki nyumbani na kumpelekea mhazini shilingi 1,000 kila mtu, fedha zingalikuwa zile zile, na nauli zao zingalibaki mifukoni.

Hatusemi hivyo ili kuzima furaha. Twajua kwamba watu wale wale wasingaliitoa ile shilingi 1,000 kama wasingalialikwa, na kukusanyika kwa majirani ni jambo jema hata pasipo mchango wowote. Lakini mema haya mawili yasichanganywe mpaka moja lifichwe nyuma ya jingine. Kamati ikitaka kuwafurahisha watu, na iseme hivyo. Ikitumia jina la watoto yatima kuuza tiketi, basi fungu la watoto lipangwe kwanza, kabla ya viti na vipaza sauti, kama vile mkulima mwenye akili atengavyo mbegu kabla ya kupeleka nafaka mashineni. Na siku ya Jumapili ifuatayo hesabu yote ibandikwe mlangoni, mapato na matumizi, hata zile fulana. Tangazo la kwamba shughuli imefana sana si hesabu.

Hata hivyo onyesho la mapishi lina sifa moja ambayo karamu ya kawaida haina, nayo ndiyo itufanyayo tulitetee. Chakula kikigawanywa hupungua, ujuzi haupungui. Mama aliyewafundisha wenzake 300 kukaanga vitunguu mpaka vitoe rangi bila kuungua angali anajua kukaanga vitunguu. Hapa mtu aweza kutoa kitu cha thamani bila kumnyang'anya maskini hata punje ya wali, na mnunuzi akaenda nyumbani na kitu kitakachomfaa miaka yote. Basi, yapasa mafunzo yawe mafunzo kweli. Watu 300 hawawezi kuchungulia ndani ya sufuria moja. Walimu wa upishi wa zamani walitundika kioo kikubwa juu ya meza, kikiinama kidogo kuelekea kwa watu, ili hata aliye nyuma aone mikono ya mpishi; leo kamera moja na kitambaa cheupe ukutani hufanya kazi hiyo. Pasipo hayo, mtu wa mstari wa ishirini amelipa shilingi 5,000 ili aone kofia ya mpishi. Vipimo navyo viandikwe katika karatasi na kila mtu apewe yake, kwa maana kusikia habari za viungo huku unanusa harufu yake si njia nzuri ya kukumbuka.

Lakini ni ujuzi wa nani? Katika shughuli hizi kuna majiko mawili. Jiko la kwanza liko jukwaani, limezungukwa na maua, na mpishi hupika humo sufuria ya watu 6. Jiko la pili liko nyuma ya ukumbi, chini ya mwembe, ambako kina mama 12 wameanza tangu saa 10 alfajiri kumenya vitunguu na kuchambua mchele kilo 50, kwa kuwa kilo moja haiwatoshi watu zaidi ya 6 walioshinda na njaa. Pilau inayoliwa na wageni hutoka katika jiko hili la pili. Si udanganyifu, mradi msema chochote awaambie watu waziwazi. Lakini mara nyingi hawaambiwi, nao huondoka wakimsifu mpishi wa jukwaani kwa chakula asichokigusa.

Tena, kazi ya jiko la pili ndiyo iliyo ngumu. Adhaniye kwamba sufuria ya watu 300 ni ile ya watu 6 iliyozidishwa mara 50 atakuja kujuta. Akiongeza maji kwa kipimo kile kile, wali utakuwa bokoboko, maana sufuria kubwa haipotezi mvuke kwa kadiri ya ukubwa wake. Chini utaungua na juu utakuwa mbichi. Kina mama wale walijua hayo kabla hatujazaliwa: huugawa mchele katika sufuria kadhaa, hupunguza maji, hufunika vizuri, kisha hupalia makaa juu ya mfuniko ili wali upate moto wa juu na wa chini. Mtu anayetaka kujifunza kupikia umati hana mwalimu bora kuliko wao. Lakini saa ya mafunzo wao wako nje wanaosha sahani, na aliyelipwa posho ni mwingine.

Kina mama 12, tangu saa 10 alfajiri hata saa 10 jioni, ni saa 144 za kazi. Hakuna safu ya kuziandika katika daftari la mhazini. Wasomaji wetu waijua habari ya mjane na sarafu zake mbili; yule aliwekwa mbele ya macho ya wote awe mfano, na wajane wetu twawaweka nyuma ya ukumbi. Twashauri kwa nguvu kwamba mwalimu wa siku ile achaguliwe miongoni mwao, apande jukwaani na vazi lake la kila siku, apewe posho ile ile ambayo angepewa mgeni. Kama hataki kuipokea, airudishe mwenyewe kwenye mchango. Lakini kwanza itoke mkononi mwa kamati na kuingia mkononi mwake. Sadaka aliyoamuliwa na wengine si sadaka yake.

Neno moja juu ya usalama, maana hapa nia njema haitoshi. Atakayekula kwenye meza yetu ametukabidhi mwili wake. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama zilizotolewa mwaka 2001, lasema chakula kipikwe mpaka ndani yake kifikie nyuzi 70 za Selsiasi, kikingoja kuliwa kiwe na moto upitao nyuzi 60, wala kisikae saa zaidi ya mbili katika hali ya hewa ya kawaida. Adui hapa ni ile sufuria kubwa ya mchuzi iliyopikwa usiku ili kesho kazi iwe nyepesi. Juu yake hupoa, lakini katikati hubaki vuguvugu mpaka asubuhi, na vijidudu viitwavyo Clostridium perfringens, ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, huzaliana humo kwa raha. Wali nao una vyake, Bacillus cereus, vyenye tabia hiyo hiyo. Basi, chakula kipikwe siku ile ile, au kikipikwa mapema kigawanywe katika vyombo visivyo na kina ili kipoe upesi, kiwekwe kwenye friji, kisha kipashwe moto kabisa kabla ya kuliwa. Na mgeni rasmi akichelewa saa mbili, watu wale bila yeye. Hotuba haiharibiki kwa kungoja.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Ili tulieleze, twaomba wasomaji waende nasi mbali kidogo, mpaka Dublin, mji mkuu wa Ireland, mwaka 1847. Nchi ile ilikuwa katika njaa kuu. Ugonjwa wa viazi uliingia mwaka 1845, na kwa kuwa maskini walitegemea viazi karibu peke yake, watu wapata milioni moja walikufa kabla njaa ile haijaisha, na wengine zaidi ya milioni waliihama nchi. Serikali ya Uingereza, iliyotawala huko, ilimwita Alexis Soyer, Mfaransa aliyekuwa mpishi mkuu wa klabu ya wakubwa huko London iitwayo Reform Club, ili ajenge jiko la kuwalisha watu wengi kwa gharama ndogo. Soyer alikuwa na kipaji. Alijenga mbele ya kambi ya askari jengo la muda lenye chungu kikubwa cha mvuke, na meza zenye bakuli 100, kila bakuli na kijiko chake kilichofungwa mnyororo. Kengele ikilia, watu 100 waliingia, wakala, wakatokea mlango mwingine. Kengele ikalia tena.

Jiko lilifunguliwa tarehe 5 Aprili 1847. Siku hiyo wakubwa wa mji walialikwa kuja kutazama, na kiingilio kilikuwa shilingi 5, fedha zikikusudiwa kuwa mchango wa hisani. Tufahamu vema walichokuja kutazama. Hawakuja kujifunza kupika supu. Walikuja, mabwana na mabibi katika mavazi yao mazuri, kutazama wenye njaa wakila. Gazeti moja la Dublin liliandika kwa uchungu kwamba katika bustani ya wanyama ya mji ule mtu aliweza kuona wanyama wakilishwa kwa senti 6 za Kiingereza. Shilingi 5 ni mara kumi ya hizo.

Tusimwonee Soyer. Jiko lake liliwalisha maelfu kila siku, na kufikia Julai 1847 majiko ya supu ya serikali katika nchi nzima yalikuwa yakiwalisha watu wapata milioni tatu kwa siku. Wangapi wangalikufa bila bakuli ile, Mungu ajua. Tena Soyer hakuwa mtu wa kudharau maskini. Katika karne ile ni wapishi wachache wa matajiri waliotumia akili zao kwa ajili ya chungu cha mnyonge. Ila alipenda kuonekana, na upendo huo ulimpotosha hata katika mapishi. Supu yake ya kwanza ilitiwa robo ratili ya nyama katika maji lita 9, naye akadai kwamba bakuli yake mara moja kwa siku, pamoja na biskuti, yatosha kumshikilia mtu mzima mwenye afya. Waganga waliandika katika jarida lao la The Lancet kuyapinga hayo. Wakubwa walioionja walisema ni tamu sana. Twaamini kwamba walikuwa wamekula kabla ya kuja.

Kosa lilikuwa wapi, basi? Fedha zilikwenda kwenye hisani. Wenye njaa walikula. Hakuna aliyeibiwa. Mtu wa hesabu atasema hakuna kosa lolote. Lakini mwenye njaa alilipa bei ambayo haikuandikwa mahali popote: alilipa kwa uso wake. Hakuombwa ruhusa, wala hakuweza kukataa, kwa sababu mlango wa kukwepa macho ya watu ulikuwa pia mlango wa kuikosa supu. Katika biashara ya siku ile, kilichouzwa kwa shilingi 5 kilikuwa mali yake yeye, naye hakushauriwa.

Twaandika hayo kwa sababu desturi ile haikufia Dublin. Katika ukumbi wetu, pilau ikiwa tayari, watoto wa kituo huingizwa kwa mstari wakiwa na sare. Huimba. Mmoja husoma risala ya shukrani ambayo hakuiandika, akitaja matatizo yao moja baada ya jingine: magodoro, viatu, ada. Kisha hupewa sahani zao mbele ya watu, mgeni rasmi akishika sahani upande huu na mtoto upande ule, wakikaa hivyo mpaka wapiga picha wote wameridhika. Jioni picha zimeenea katika simu za mji mzima. Mtoto yule atakua. Atatafuta kazi, atachumbia, na picha ile itakuwa ingalipo.

Wako wanaotujibu kwamba watoaji hawatoi mpaka waone, kwamba moyo hufunguliwa kwa njia ya jicho. Jibu hili si la kupuuzwa. Wanaolisema ni watu waliohangaika kutafuta fedha, nasi tuliokaa mezani na kalamu hatuna haki ya kuwacheka. Ni kweli pia kwamba yule asiyemwona maskini kamwe humsahau. Lakini kuna kumwona mtu kwa kwenda alipo, ukapiga hodi, ukakaribishwa, ukakaa kwenye kigoda chake. Na kuna kumleta mtu ulipo wewe ili umwone. Katika njia ya kwanza yeye ndiye mwenyeji. Katika ya pili yeye ni sehemu ya onyesho, pamoja na jiko la gesi na maua. Mtoaji ana haki ya kujua fedha zake zimefanya nini. Hesabu iliyobandikwa mlangoni yamtosheleza haki hiyo; uso wa mtoto haumo katika deni analodai.

Kama vijana wa kituo wamefikia umri wa kushika kisu, waalikwe mapema, wakae viti vya mbele na karatasi zao za vipimo kama watu wengine, wajifunze kupika. Wengine watapata riziki kwa kazi hiyo. Mmoja akitaka kupanda jukwaani kumsaidia mama kukuna nazi, na apande. Hapo anatazamwa kwa kazi ya mikono yake, jambo ambalo kila mpishi hulitamani.

Wale wadogo wapelekewe chakula kwao. Sufuria ya kwanza iliyoiva ndiyo iende, imefunikwa, ingali ya moto, kabla mgeni wa kwanza hajaketi, na asifuatane nayo mpiga picha yeyote. Nauli ya gari iandikwe katika hesabu, mstari mmoja chini ya vitunguu.